Gari halivuti: dakika sita za mwisho za Le Mans 2016

Fundi yeyote wa magari ya tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa kwa presha ndani ya injini), awe Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi, anamjua mteja huyu. Anakuja na Hilux au Hiace, anasema gari halivuti. Injini inawaka vizuri, haigongi, haichemshi, ila ukikanyaga mafuta gari linajikokota kama limebeba kifusi. Fundi mzoefu hakimbilii kufungua injini. Anafungua boneti na kupapasa njia ya hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye kipoza hewa, kile ambacho gereji tunakiita intakula. Mara nyingi atakuta klipu imelegea, mpira umechanika, au kiungio kimeachia na hewa inapotea.

Tarehe 19 Juni 2016, gari la Toyota lililokuwa likiongoza mbio za Saa 24 za Le Mans lilipatwa na ugonjwa wa ukoo huohuo, zikiwa zimebaki takriban dakika sita mbio ziishe. Lilikuwa gari lenye nguvu zinazokaribia farasi 1,000, na lilikuwa limetangulia kwa zaidi ya dakika moja.

Kisa hiki nakiandika kwa wanafunzi wa ufundi magari na kwa yeyote anayesimamia mtambo usioruhusiwa kuzimika. Habari yake ilitangazwa dunia nzima, kwa hiyo sioni faida ya kuficha jina la mbio au la kiwanda. Majina ya madereva, wahandisi na mafundi nimeyaondoa, na magari nayaita kwa namba zao. Hapa hakuna mtu mmoja wa kubebeshwa lawama, na nisingependa msomaji apoteze muda kumtafuta.

Usuli: mbio zinazopima nishati

Le Mans ni mji wa Ufaransa, na mbio zake zilianza 1923. Njia ina urefu wa km 13.629, na sehemu yake kubwa ni barabara ambazo siku za kawaida hupitisha malori na watu waendao kazini. Gari moja linaendeshwa kwa zamu na madereva watatu. Mshindi ni gari lililokwenda umbali mrefu zaidi saa 24 zinapotimia.

Daraja la juu mwaka huo lilikuwa la prototaipu za LMP1, magari yaliyoundwa kwa mashindano tu na yasiyouzwa kwa mtu wa kawaida. Viwanda vitatu vilishindana: Porsche, Audi na Toyota. Sheria za wakati ule zilikuwa za pekee, na bila kuzielewa kisa hiki hakieleweki. Waandaaji hawakumbana mtengenezaji kwa ukubwa wa injini. Walimbana kwa nishati. Kila gari lilipewa kiasi cha mafuta kwa kila mzunguko, likapimwa na mita iliyofungwa kwenye njia ya mafuta, na likaruhusiwa kutumia kiasi fulani cha umeme lililojizalishia lenyewe, hasa wakati wa kufunga breki. Ukichagua kutumia umeme mwingi, unapunguziwa mafuta.

Ndiyo maana magari matatu yaliyoshindania ushindi mmoja yalikuwa na mioyo mitatu tofauti. Audi walikuja na injini ya dizeli ya lita 4.0. Porsche walikuwa na injini ndogo ya petroli ya lita 2.0, silinda nne tu. Toyota walileta V6 ya petroli ya lita 2.4 yenye tabo mbili. Porsche na Toyota wote walikuwa kwenye kiwango cha juu cha umeme, megajuli 8 kwa mzunguko. Kwa anayenunua umeme kwa LUKU, hizo ni uniti mbili na robo hivi. Ni umeme kidogo mno, lakini ukitolewa kwa vipande vya sekunde chache unapotoka kwenye kona, unalisukuma gari kama limepigwa teke.

Kwa Toyota mtambo huo ulikuwa mpya kabisa. Mwaka 2014 walikuwa mabingwa wa dunia wa mbio ndefu, wakitumia V8 ya lita 3.7 isiyo na tabo. Mwaka 2015 wapinzani waliwaacha mbali, na Le Mans wakamaliza nafasi ya 6 na ya 8. Wangeweza kuendelea kulikarabati gari lile. Badala yake waliacha V8, wakaacha namna yao ya zamani ya kuhifadhi umeme, wakaja na injini ya tabo na betri ya lithiamu kwa pamoja. Gari likaitwa TS050 Hybrid.

Nyuma yao kulikuwa na historia nzito. Walikuwa wakienda Le Mans tangu miaka ya 1980 bila kushinda. Mwaka 1999 tairi la nyuma lilipasuka saa za mwisho wakati wakimfukuza aliyekuwa anaongoza. Mwaka 2014 walikuwa mbele usiku kucha mpaka nyaya zilipoungua.

Onyo la mwezi Mei

Wiki sita kabla ya Le Mans, gari hilihili lilikimbia mbio za saa sita za Spa, Ubelgiji. Gari Namba 5 lilikuwa linaongoza kwa raha, ndipo injini ikafa. Namba 6 nalo likafa injini siku hiyohiyo. Timu ilieleza kwamba tatizo lilikuwa la Spa yenyewe: lile bonde la Eau Rouge, ambapo gari hushuka na kupanda ghafla kwa kasi kubwa na kugandamizwa chini kwa nguvu isiyopatikana kwingine. Kule Le Mans hakuna bonde kama lile.

Maelezo hayo yalikuwa ya kweli kadiri ya matokeo yaliyofuata, maana injini zenyewe zilidumu Le Mans. Nayataja kwa sababu yanaonyesha hali ya timu ilipofika Ufaransa: ilikuwa na gari lenye kasi, lililofaulu majaribio ya saa 30 mfululizo, na ambalo hofu yake kubwa ilikuwa ndani ya injini.

Mtiririko wa matukio

Mbio zilianza Jumamosi saa 9 alasiri, saa za Ufaransa, chini ya mvua kubwa kiasi kwamba kwa mara ya kwanza katika historia yake zilianza nyuma ya gari la usalama, lile la waandaaji linalowaongoza wote kwa mwendo mdogo. Ilichukua karibu saa nzima kabla magari hayajaachiwa.

Usiku ulipoingia, kundi lilipungua. Audi walibanwa na matatizo ya tabo kwenye gari moja na ya breki kwenye jingine. Porsche Namba 1 lilipoteza muda mwingi gereji kwa sababu ya pampu ya maji. Wakabaki watatu: Porsche Namba 2, na Toyota zote mbili.

Hapa ndipo uchaguzi wa Toyota ulipoanza kulipa. Kwa mafuta waliyokuwa nayo, walikuwa wakikimbia mizunguko 14 kabla ya kuingia piti, yaani kituo cha kujaza mafuta na kubadili matairi, huku Porsche wakiingia baada ya 13. Mzunguko mmoja unaonekana mdogo. Chukua karatasi upige hesabu: kwa mizunguko 384, mwenye kwenda 13 anasimama mara 29, na mwenye kwenda 14 anasimama mara 27. Kila kusimama, ukijumlisha kupunguza mwendo, kujaza na kutoka, kunakula takriban dakika moja. Katika mbio ambazo magari mawili yanatofautiana kwa sekunde, hizo dakika mbili ni mali.

Jumapili, Namba 6 lilizunguka na kutoka njiani, likaumia bodi, likarudi nyuma. Namba 5 likabaki mbele, na Porsche Namba 2 likilifuata kwa umbali wa takriban nusu dakika. Zikiwa zimebaki dakika chini ya 10, Porsche likapata pancha ndogo, likalazimika kuingia piti. Likatoka na matairi mapya likiwa nyuma kwa zaidi ya dakika moja. Mtu yeyote aliyekuwa akitazama alihesabu kwamba kazi imekwisha.

Kisha dereva wa Namba 5 akasema kwenye redio kwamba hana nguvu.

Gari liliendelea kujikokota kukamilisha mzunguko. Kwenye kona za mwisho lilikuwa na mwendo wa daladala inayotafuta abiria. Lilivuka mstari wa kumalizia, na mbele kidogo tu ya mstari, pembeni ya ukuta wa piti za timu yake, likasimama. Saa ilionyesha zimebaki dakika 3 na ushei. Porsche Namba 2 likapita.

Mahali lilipovukia mstari ndipo palipokuwa pagumu. Kama saa 24 zingekuwa zimetimia, lingekuwa limeshinda. Kwa kuwa hazijatimia, kulikuwa na mzunguko mmoja zaidi wa kwenda.

Maamuzi ya dakika zile

Kwa maelezo ambayo timu ilitoa baadaye, hitilafu ilikuwa kwenye kiungio cha njia ya hewa kati ya tabo na kipoza hewa, na matokeo yake tabo ikawa haidhibitiki. Hiki ni kitu kidogo. Hakuna silinda iliyotoboka wala gia iliyovunjika.

Tatizo ni kwamba kompyuta ya injini ya gari kama hili haijui njia ya katikati. Imefundishwa kwamba kwa kila kiasi cha hewa kuna kiasi cha mafuta, na kwamba ikiona presha isiyoeleweka, ni lazima ijihami. Kwa hiyo mafundi hawakuwa na haja ya spana. Walihitaji kuiambia kompyuta ikubali kuendesha injini bila presha iliyoizoea. Dereva yuko ndani, wahandisi wako ukutani mita chache kutoka kwake, na maelekezo yanapita kwa redio. Walibadilisha mipangilio ya udhibiti hadi nguvu ikarudi kiasi cha kutosha kutembea.

Wengi waliuliza kwa nini umeme haukuokoa. Gari lilikuwa na mota mbele na nyuma. Jibu liko kwenye zile uniti mbili na robo. Mfumo huu unajijaza kwa breki, na breki zinazalisha umeme mwingi pale tu gari linapokuwa na mwendo mkubwa wa kupunguza. Gari linalojikokota halina cha kuvuna, na akiba iliyomo haikukusudiwa kulipeleka km 13.6.

Uamuzi wa kusimama kabisa ulilaumiwa na baadhi ya watu. Mimi siulaumu. Dereva alikuwa ameshapita mlango wa piti, na gari lenyewe lilikuwa haliendi. Kama kulikuwa na nafasi ya kuizima kompyuta na kuianzisha upya katika mipangilio mingine, pale mbele ya wahandisi wake palikuwa mahali bora kuliko katikati ya msitu kwenye ile barabara ndefu.

Matokeo

Porsche Namba 2 lilishinda kwa mizunguko 384, sawa na zaidi ya km 5,230. Toyota Namba 6 likawa la pili, mizunguko mitatu nyuma, na Audi Namba 8 la tatu.

Namba 5 nalo lilikamilisha mzunguko wa 384. Lilichukua dakika 11 na sekunde 53.8. Sheria ilitaka mzunguko wa mwisho ukamilike ndani ya dakika 6, kwa hiyo halikuorodheshwa kabisa. Gari lililoongoza hadi dakika za mwisho liliondoka bila nafasi na bila pointi, wakati kwa umbali lilikuwa limewazidi wote isipokuwa mshindi.

Uchambuzi

Nianze na lile ambalo mashabiki hulirudia sana: kwamba timu ilipaswa kupunguza mwendo ilipoona Porsche ameingia piti. Sikubaliani. Dakika chache kabla, tofauti ilikuwa nusu dakika tu, na hakuna aliyejua kwamba mpinzani atapata pancha. Na hata ukipunguza mwendo, tabo bado inazunguka kwa kasi ya kutisha, hewa bado ina presha na joto, na mtetemo bado upo. Kiungio kilichovumilia zaidi ya saa 23 hakina namna ya kujua kwamba dereva ameamua kuwa mpole. Kupunguza mwendo kungewapa wakubwa wa timu utulivu wa moyo, siamini kama kungebadilisha chochote kwenye kile kiungio.

Kosa naliona kwingine, na ndilo lililonifanya nikiandike kisa hiki. Timu ilisema kwamba kifaa kilichoshindwa kilikuwa cha vipimo vilevile, kilichotengenezwa kwa utaratibu uleule, kama vile vilivyotumika Spa na kwenye majaribio ya saa 30. Watu wengi walilisoma hilo kama utetezi. Mimi nalisoma kama somo lenyewe. Jaribio la saa 30 linathibitisha mchoro. Linasema kifaa cha aina hii, kikitengenezwa vizuri na kufungwa vizuri, kinaweza kudumu saa 30. Halisemi lolote kuhusu kipande hiki, kilichotoka kwenye boksi wiki hii, kilichofungwa na mkono huu. Kile kilichofaulu jaribio kiko kabatini. Kilichoko kwenye gari hakijafanya mtihani wowote.

Kwa injini nzima au sanduku la gia, timu kubwa zinalijua hili vizuri, ndiyo maana kila injini hupimwa peke yake kabla ya kufungwa. Shida ni vitu vidogo. Viungio, klipu, mipira, plagi za nyaya: vipo kwa mamia, na hakuna mwenye muda wa kukipa kila kimoja cheti chake. Lakini gari halijui kipi ni kidogo. Kwenye gari la V8 la mwaka 2014 kiungio hiki hakikuwapo kabisa, kwa sababu hakukuwa na tabo. Timu iliponunua nguvu na uchumi wa mafuta kwa kwenda kwenye tabo, ilinunua pia kila kiungio kati ya tabo na injini. Sidhani uamuzi ule ulikuwa mbaya, maana bila huo wasingeongoza hata saa moja. Ninachosema ni kwamba orodha ya vitu vya kuogopa ilipaswa kuandikwa upya siku ile injini ilipobadilishwa, na baada ya Spa macho yalikuwa yameelekea kwenye pistoni na vyuma.

La pili ni muda wa tiba. Timu ilipata dawa. Gari lilitembea tena. Hilo peke yake linathibitisha kwamba hitilafu haikuwa ya kuua. Kama mpangilio huo wa dharura ungekuwa swichi moja kwenye usukani, iliyopimwa mapema na kufanyiwa mazoezi, mzunguko wa mwisho ungeweza kumalizika chini ya dakika 6. Ushindi ungekuwa umeshapotea, ila nafasi ya pili ingekuwa yao. Le Mans hutoa pointi mara mbili ya mbio za kawaida, na wa pili hupata 36. Hizo hazikupotezwa na kiungio. Zilipotezwa na dakika sita za kutafuta dawa.

Sheria yenyewe nayo ilistahili kutazamwa. Iliwekwa ili magari mabovu yasiegeshwe karibu na mstari na kusubiri muda uishe, kisha yajikokote kuvuka na kuhesabiwa. Nia ni nzuri. Lakini iliwaweka kwenye kapu moja aliyeegesha kwa makusudi na aliyekwama akiwa anaongoza. Waandaaji walikuja kuilegeza, ikawa adhabu ya kupimwa badala ya kufutwa moja kwa moja.

Na Porsche? Rahisi kusema walibahatika. Walikuwa wamekwenda mizunguko ileile, wakiwa na gari lenye tanki linaloisha mapema zaidi, wakipata pancha mwishoni, na bado walikuwa mahali pa kuokota ushindi ulipoanguka. Aliyekuwa nyuma mizunguko mitatu, hata angekuwa mwenzake wa timu, hakuweza kuuokota.

Baada ya hapo

Mwaka 2017 Toyota walirudi na magari matatu, na moja likaweka muda wa kufuzu wa dakika 3:14.791. Halikufika asubuhi: klachi iliungua baada ya dereva kudhani mtu aliyesimama mwisho wa piti na kumwonyesha dole gumba ni msimamizi wa njia, kumbe ni dereva wa timu nyingine aliyekuwa akimtakia heri. Kwa mara nyingine gari halikufa kwa kukosa kasi.

Kabla ya 2018 walibadilisha namna ya kujiandaa. Kwenye majaribio walianza kujitengenezea matatizo kwa makusudi, hadi kulitembeza gari kwa magurudumu matatu, ili kuona dereva na wahandisi watafanya nini. Mwaka huo wakashinda. Audi na Porsche walikuwa wameshaondoka kwenye daraja lile, na wapo wanaopunguza thamani ya ushindi huo kwa sababu hiyo. Mimi naona mpinzani wao tangu 2016 hakuwa Porsche.

Hata hivyo haikuwa dawa ya kila kitu. Mwaka 2019 gari lililokuwa linaongoza lilipata pancha saa ya mwisho. Kipimo cha presha kikaonyesha tairi lisilo lenyewe, mafundi wakabadilisha hilo, na likalazimika kurudi piti tena. Vipimo vya matairi mawili vilikuwa vimepishana. Ushindi ukaenda kwa gari la pili la timu hiyohiyo.

Mfano ninaoupenda kuufundisha ni wa 2021. Gari lilikuwa jipya, GR010, na mashine zote mbili zilianza kukosa mafuta kwenye injini kabla tanki halijaisha, kwa uchafu kwenye mfumo wa mafuta. Hakuna aliyeweza kufungua tanki katikati ya mbio. Wahandisi na madereva wakatunga utaratibu wa kuchezea swichi kwenye usukani kila wanapofunga breki, ili mafuta yaendelee kufika, wakaurudia kona baada ya kona kwa saa kadhaa, usukani mkono mmoja na swichi mkono mwingine. Magari hayo yalimaliza la kwanza na la pili, na ubovu wake ukiwa bado ndani.